Butura ya maarifa: ndizi zinang'aa majaridani, Kyerwa bado giza



Leo sina stori ya bumu kuchelewa, wala ya foleni ya kantini, wala ya nani kalamba sup. Leo naongea kemia. Wenzangu wa Sanaa msikimbie, maana nitaongelea ndizi, kahawa na mahindi, na sijawahi kuona mtu wa Sanaa asiyekula.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: nasoma ualimu wa sayansi, kemia na baiolojia, mwaka wa tatu. Kwetu ni Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ile iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Karagwe. Mazoezi ya kufundisha nilifanya upande wa Karagwe. Kwa hiyo nikisema "kwetu" nina maana wilaya zote mbili. Mstari ulikata ramani, haukukata ukoo.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Utafiti wa vitu vinavyong'aa, ile kemia inayoitwa luminesensi, umegeuka mbio za kuhesabu makala. Na sisi wa huku, badala ya kuuliza kemia hiyo itatufanyia nini, tunajipanga mstarini tukimbie mbio zilezile, tena peku. Mimi nakataa, na nitasema kwa nini.

Kwanza tuelewane kinachong'aa ni nini. Kimulimuli mnamjua. Anawaka bila moto: ana lusiferini, ana kimeng'enya cha lusiferesi, anaongeza oksijeni na nguvu ya seli, mwanga huo. Neno luminesensi lilianza kutumiwa na Mjerumani Eilhard Wiedemann mwaka 1888 kwa ajili ya mwanga usiotokana na joto. Kabla yake, mwaka 1852, George Stokes kule Uingereza alieleza fluoresensi: kitu kinapokea miali ya urujuanimno ambayo jicho halioni, kisha kinarudisha mwanga ambao jicho linauona. Kimojawapo cha vitu alivyovichungulia ni maji ya kwinini. Ndiyo, kwinini ileile ya malaria iliyowavumisha masikio wazazi wetu. Kwa hiyo sayansi hii ilianza na mambo yanayotuhusu kabisa. Tulikopotelea ni mbele ya safari.

Sasa njoo kwenye mbio. Mwaka 2004 watafiti wa South Carolina, Marekani, walikuwa wanasafisha masizi ya kaboni wakakuta chembe ndogo mno zinazong'aa. Hawakuzitafuta, zilijitokeza zenyewe. Mwaka 2006 wenzao wa jimbo hilohilo wakazipa jina, nukta za kaboni. Ni kitu kizuri, sibishi. Ni rahisi kutengeneza, na hazina kadmiamu kama nyingi za zile nukta za kwantamu zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov Nobeli ya kemia mwaka 2023. Ila baada ya hapo mlango ukafunguka na kila mtu akaingia na jungu lake.

Mwaka 2012 wenzetu wa Taiwan wakatengeneza nukta hizo kwa machicha ya kahawa. Mwaka huohuo ikatoka makala ya ganda la balungi, zikapima zebaki. Ikatoka ya nyasi, zikapima shaba. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tezpur, Assam, India, wakachapisha ya maji ya ndizi. Maji ya ndizi, jamani! Kama ni kukamua ndizi, Kyerwa tuna wazee waliobobea tangu zamani, wanakanyaga na nyasi mpaka juisi inatoka, inakuwa rubisi. Hakuna aliyewaita wanasayansi.

Hao wa mwanzo siwalaumu, walionyesha njia. Ninaowalaumu ni msururu uliofuata, maelfu kwa maelfu ya makala. Ukisoma chache tu, unaweza kuandika inayofuata kabla hujafungua mlango wa maabara. Chukua ganda la kitu chochote. Tia maji, funga kwenye chombo, pika kwenye oveni saa kadhaa nyuzi 180 au 200. Chuja. Mulika taa ya urujuanimno, piga picha chupa inang'aa bluu. Ongeza chuma, mwanga ufifie. Chora mchoro. Maliza kwa sentensi kwamba kitu hiki kina matumaini makubwa kwa matumizi ya baadaye. Hayo ya baadaye hayafiki, maana mwandishi ameshahamia kwenye ganda lingine.

Mtaniambia hivyo ndivyo sayansi inavyokua, tofali juu ya tofali. Sawa. Ila tofali hujenga nyumba pale tu kuna mtu anayejenga. Hapa kila mtu anafyatua tofali lake, anapiga nalo picha, anaondoka. Ukimuuliza nani anaishi ndani, anakuonyesha idadi ya matofali.

Kwa nini wanafyatua? Kwa sababu bila makala hupandi cheo. Hilo ni la dunia nzima, na huku kwetu limefika. Kuna majarida maalumu ya fani hii, Journal of Luminescence lipo tangu 1970, na bado yapo mengi ya kemia na ya vifaa vidogo vidogo yanayozipokea kazi hizi. Biashara yenyewe imekaa hivi: zamani msomaji ndiye alilipa asome, sasa mara nyingi mwandishi ndiye analipa ili makala isomwe bure. Jarida la Nature lilipotangaza bei yake mwishoni mwa 2020, ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Piga hesabu kwa shilingi halafu ulinganishe na bumu lako, kisha ukae chini upumue. Misamaha kwa nchi maskini ipo, lakini kuomba msamaha ni kuomba msamaha.

Na pale fedha na vyeo vinapopimwa kwa idadi, matapeli hawakosi. Mwaka 2023 peke yake makala za kitafiti zaidi ya 10,000 zilifutwa duniani, na zaidi ya 8,000 kati ya hizo zilikuwa za majarida ya Hindawi, yaliyokuwa yameshanunuliwa na kampuni ya Wiley. Kuna viwanda vya kuandikia watu makala, kama wale jamaa wa steshenari wanaowauzia watu ripoti za fildi. Msicheke, mnawajua.

Watu wa Kagera mtanielewa nikisema hii ni butura. Kwa wasiojua: butura ni pale mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa anauza kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, kahawa ipo shambani kwake lakini si yake. Serikali imepiga marufuku miaka na miaka, na bado inarudi kwa mlango wa nyuma kwa sababu shida haijaondoka. Sasa na sisi wasomi tuna butura yetu. Swali tunalipokea kwa mnunuzi, kipimo kwa mnunuzi, lugha kwa mnunuzi, na sifa zinabaki kwa mnunuzi. Ndizi ni za kwetu, makala si ya kwetu, na aliyepanda mgomba hatajua kama imeandikwa.

Naomba nitoe mfano unaoniuma. Nilipotafuta mada ya utafiti wangu wa kumaliza shahada, nilitaka kuuliza swali la mahindi, nitalieleza sasa hivi. Mtu mmoja mwenye uzoefu mkubwa, simtaji na wala simaanishi ni mbaya, akaniambia: achana na hilo, fanya nukta za kaboni za ganda la ndizi, hilo litachapishika. Hakusema swali langu ni baya. Hakusema halijibiki. Alisema tu la ndizi litachapishika. Nikajiuliza, hivi tumekuja kusoma au kuchapishika?

Swali la mahindi ni hili. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya laki moja kwa ugonjwa usiojulikana. Ikagundulika chakula chao kilikuwa na karanga zenye ukungu, na ukungu ule ulitoa sumu ambayo sisi leo tunaiita sumukuvu. Majina ya aina zake yalitokana na rangi zinazotoka zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno: B kwa ile inayong'aa bluu, G kwa ile inayong'aa kijani. Yaani sumu hii ilibatizwa na kemia ya mng'ao. Na mpaka leo maabara nyingi huipima kwa mashine inayosoma huo huo mng'ao.

Hapa kwetu si hadithi ya batamzinga. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 wakafa kwa sumukuvu. Kenya mwaka 2004 waliugua 317, wakafa 125. Machi 2021 Kenya ikafunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache, kisha ikafungua kwa masharti, hoja ikiwa sumu hiyohiyo. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa lugha ya shambani: gramu moja tu ikisambaa kwenye magunia elfu moja ya kilo mia, umefika kikomo. Huioni, huinusi, huionji, na kupika hakuimalizi.

Sasa fikiria Karagwe na Kyerwa. Tuna misimu miwili ya mvua. Unavuna mahindi au karanga na mawingu yamekaa juu ya Omurushaka kama yamelipwa. Unaanika asubuhi, unakimbia kuanua mchana. Unatia guniani nusu nusu. Mama anapembua kwa macho, lile jeusi anawapa kuku. Swali langu lilikuwa jepesi: ile taa ndogo ya urujuanimno ambayo mawakala wa fedha wanakagulia noti, ikimulikwa kwenye mahindi yaliyopasuliwa, inaweza kumsaidia mama huyu kutenga mabaya? Inajulikana kwamba mahindi yenye ukungu wa aina hiyo mara nyingi hutoa mng'ao wa kijani-njano. Inajulikana pia kwamba mng'ao huo hautoki kwenye sumu yenyewe, unatoka kwenye kitu kingine kinachotengenezwa na ukungu, kwa hiyo unaweza kuona mng'ao bila sumu, au sumu bila mng'ao. Ndiyo maana linahitaji kupimwa. Kwa mahindi yetu, kwa unyevu wetu, taa inakosea mara ngapi? Hata jibu likiwa "inakosea mno, msiitegemee", hilo jibu linaokoa ini la mtu. Lakini jibu la namna hiyo halina picha ya chupa ya bluu.

Kahawa vilevile. Robusta yetu nyingi tunaianika na maganda yake. Mwenye turubai au kichanja anaanika juu, asiyenacho anaanika chini kwenye udongo, na mvua inamkuta hapohapo. Ukungu ukiingia unaacha sumu nyingine, okratoksini, nayo inang'aa kwenye urujuanimno na nayo hupimwa kwa mng'ao. Umoja wa Ulaya ulikuwa unaruhusu mikrogramu 5 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa. Tangu 2023 wameshusha hadi 3. Mkulima wa Kaisho au Mabira hajui kwamba kuna mashine ng'ambo inayoweza kumulika kahawa kama yake na kuihukumu. Anachoona ni bei tu. Siku bei ikishuka atalaumu chama cha msingi, chama kitalaumu KDCU, KDCU italaumu soko. Mwanga unaotoa hukumu hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Na afya? Machi 2023 Marburg ilipolipuka Bukoba Vijijini, na Januari 2025 ilipotangazwa tena Biharamulo, sote wa Kagera tulishika roho mkononi. Kipimo kilichosema "ndiyo" au "hapana" ni PCR, na mashine ya namna hiyo hujua jibu kwa kuhesabu mng'ao wa rangi zilizofungwa kwenye vinasaba. Mashine za GeneXpert za kupima kifua kikuu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu asiniambie eti napinga kemia ya mng'ao. Naipenda kuliko wanaoihesabu. Ninachosema ni kwamba mahali inapookoa watu, kuna mtu aliuliza swali la watu.

Najua pingamizi zenu, nawasikia kutoka huku.

La kwanza: "Sayansi ya msingi isifungwe kamba, hujui litatoka nini." Kweli kabisa, na mfano mzuri ni Osamu Shimomura, Mjapani aliyekwenda Marekani mwaka 1960 kuchunguza kiwavimaji wa baharini anayeng'aa. Mwaka 1962 wakaeleza ile protini ya kijani, na mwaka 2008 akapata Nobeli pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Leo protini hiyo inatumika kila maabara ya baiolojia. Hakuwa anatafuta dawa wala pesa. Lakini angalieni alichofanya: alikuwa na swali moja, kwa nini kiumbe huyu anawaka, akalifuata miaka mingi na kukusanya viumbe hao takriban 850,000. Huo ndio udadisi. Kubadilisha ganda la embe kuwa ganda la nanasi na kurudia vipimo vilevile si udadisi, ni mapishi. Shimomura angekuwa shahidi wangu, si wenu.

La pili: "Hatuna vifaa." Kwa utafiti mkubwa, ni kweli, na hapo serikali na vyuo wana deni. Kwa kufundisha, sikubali. Twanga jani bichi la mgomba, loweka kwenye spiriti, chuja, mulika kwa taa ya noti chumbani gizani: maji ya kijani yanatoa mwanga mwekundu. Manjano ya jikoni kwenye spiriti yanang'aa kijani-njano. Sabuni ya unga inang'aa bluu, ndiyo siri ya shati jeupe. Nilifanya hayo kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, watoto 70 na zaidi darasani, wakapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nyoka. Vifaa vyote havikufika bei ya sahani tatu za chipsi mayai. Mwangalizo tu: usimulike macho ya mtu, na spiriti ikae mbali na moto.

La tatu: "Sasa hivi kuna motisha." Nalo nalijua. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mtafiti atakayechapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa atazawadiwa shilingi milioni 50. Nia ni nzuri, nataka vyuo vyetu vijulikane. Lakini mjue tunachozawadia ni uamuzi wa mhariri aliye mbali. Je, milioni 50 nyingine zipo kwa yule ambaye kazi yake imepunguza sumu kwenye maghala ya kata mbili? Na jarida letu wenyewe, Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tutalikuza vipi kama kila mwenye kazi nzuri anaambiwa aipeleke nje kwanza?

La nne ni lugha, na hapa naongea kama mwalimu mtarajiwa. Mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, akifika kidato cha kwanza tunamgeuzia meza, Kiingereza. Anajifunza kutamka "fluoresensi" kwa Kiingereza kabla hajaiona kwa macho. UNESCO iliamua mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, tukashangilia, tukapiga ngoma. Ngoma ikiisha, matokeo ya utafiti wa mahindi ya Nkwenda yanaandikwa kwa lugha ambayo Nkwenda nzima haiwezi kuyajadili kikaoni.

Basi nataka nini? Mambo matatu, na hakuna linalohitaji bajeti ya bunge.

Moja, kila mwanafunzi anayechukua sampuli kijijini, iwe ndizi, udongo au mahindi, arudishe ukurasa mmoja wa Kiswahili ofisi ya kijiji au chama cha msingi: nilikuja kupima nini, nimekuta nini, mfanye nini. Asiyerudisha, kazi yake ihesabiwe haijakamilika.

Mbili, mada za utafiti wa mwisho zianze na swali la mahali. Ukitaka kufanya nukta za kaboni za ganda la ndizi, fanya, lakini utuambie zitapima kitu gani ambacho mtu wa Isingiro au Nyaishozi anahitaji kupimiwa, kisha ukapime maji yake, si maji ya bomba la maabara.

Tatu, majibu ya "hapana" yapewe heshima. Anayethibitisha kwamba njia fulani haifanyi kazi kwenye mazingira yetu ametuokolea fedha na muda. Tumpigie makofi kama tunavyompigia mwenye chupa ya bluu.

Mimi swali langu la mahindi sijaliacha. Nimeliandika upya, fupi zaidi, nimeongeza magunia ya kijiji kimoja tu na maabara moja ya kulinganisha. Litakataliwa tena? Inawezekana. Basi nitalipeleka kwa mwingine, na kwa mwingine tena, mpaka mtu aniambie ni baya kwa sababu ya kisayansi. Sababu ya "halitachapishika" siipokei, maana mama zetu hawapembui mahindi ili wachapishwe.

Wenye hoja tofauti leteni, hasa nyie wa kemia mnaooka maganda wiki hii. Nawapenda, ila nitawajibu.

Naomba kuwasilisha.